Mjomba amenitafutia kazi ya mikopo, moyo wangu uko kwa vyura

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 26, Mluguru wa Morogoro kwa baba na kwa mama. Nilimaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyamapori miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo nimefanya misimu miwili ya mvua kama msaidizi wa utafiti kwa mtafiti mmoja kutoka nje anayechunguza vyura wa milima yetu ya Uluguru. Nimebakiwa na wiki nne za kuamua jambo, na kila ninayemuuliza ana jibu lake tayari kabla sijamaliza kueleza.

Kazi yenyewe naomba nikueleze, kwa sababu nyumbani hakuna anayeihesabu kuwa kazi. Tunaingia msituni saa kumi na mbili jioni, gambuti miguuni, tochi kichwani, tunatoka saa sita au saba usiku. Tuna mistari ya kuhesabia kando ya vijito, kila mmoja mita 50. Unatembea taratibu, unasikiliza, unamulika jani kwa jani. Ukimpata chura unampima urefu, unamtia kwenye kimfuko cha nailoni, unamning'iniza kwenye mizani ya gramu kumi, unaandika, halafu unamrudisha kwenye jani lilelile ulilomtoa. Kila chura na glavu zake. Kabla ya kuhamia kijito kingine tunasugua gambuti kwa maji ya jiki tusije tukahamisha ugonjwa. Mpaka sasa nimefanya usiku 113. Wengi nawajua kwa sauti, hata nikiwa nimelala kambini naweza kukwambia yupi kaanza kuita baada ya mvua.

Ninalipwa posho ya siku. Mkataba hakuna. Msimu ukiisha narudi kwa mama, namsaidia kuuza mboga sokoni. Mdogo wangu wa kiume anaingia kidato cha tano mwaka huu, na mimi ndiye mkubwa.

Mwezi wa pili makala ilitoka kwenye jarida la kisayansi. Niliisoma kwenye simu nikiwa ndani ya daladala. Waandishi ni sita. Jina langu nililikuta chini kabisa, kwenye shukrani, na wamelikosea herufi. Mama, karibu nusu ya usiku uliomo kwenye ile makala tulikuwa mimi na kijana mmoja wa kijijini anayetuongoza, mtafiti mwenyewe akiwa Ulaya. Nililia pale pale kwenye daladala, abiria wakidhani nimefiwa.

Sasa mjomba. Wewe unajua kwetu neno la mjomba lilivyo. Amenitafutia kazi kwenye taasisi moja ya mikopo hapa mjini, afisa mikopo, ajira ya kudumu, na bima ya afya. Natakiwa kuanza mwezi ujao. Alipoona nasita alisema, "Tumekusomesha miaka yote hiyo ukafukuze vyura?" Watu wazima waliokuwepo wakacheka. Kijijini tunakofanyia kazi nako kuna maneno, kwamba binti gani analala porini na wanaume akitafuta vyura, lazima kuna jingine.

Na wiki iliyopita yule mtafiti ameniandikia: njoo msimu wa tatu, posho ni ileile, mambo ya shahada ya uzamili tutayaangalia baadaye.

Je, niende kwenye mikopo au nirudi msituni? Na kazi hii kweli ni ya mtu kama mimi, au ni ya watu wenye pesa zao?

Binti wa Milimani, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimefanya utafiti wa wanyamapori miaka 28 kabla ya kustaafu, na ile harufu ya jiki kwenye gambuti imenirudia puani nilipokuwa nasoma. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa kazi anavyomjibu mtu wa kazi.

Naanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo lililokuinua ukashika kalamu.

Panda kichwani mwako mpaka milima ya Ukaguru, jirani zenu, mkoa huohuo wa Morogoro. Mwaka 2002 wanasayansi walieleza chura wa ajabu kutoka kule, mwenye rangi nzuri, na wakaona hafanani na jenasi yoyote inayojulikana, yaani kundi la spishi zinazokaribiana. Wakampa jina lake la kisayansi: Churamiti maridadi. Lisome tena hilo jina. Maelezo yote yalijengwa juu ya vielelezo viwili tu. Mwaka 2019 timu nyingine ilipanda Ukaguru kumtafuta. Badala yake wakakuta chura wa matete ambaye naye hakuwa amewahi kuandikwa, na mwaka 2023 akatangazwa kwa jina la Hyperolius ukaguruensis. Huyu yumo katika kundi la vyura ambao madume wao hawaiti, wana vimiiba vidogo kooni. Wewe uliyeniambia unawajua vyura kwa sauti, mfikirie chura asiye na sauti. Atapatikana na nani kama si mtu anayemulika jani kwa jani usiku wa manane?

Au mtazame kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa wa Mlima Rungwe walikuwa na jina la huyo kima tangu zamani. Watafiti walisikia habari zake, wakamfuatilia, wakamwona mwaka 2003. Mwaka 2004 kundi jingine likamkuta Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, jambo ambalo kwa kima wa Afrika halikuwa limetokea tangu 1923. Jina alilobaki nalo ni lile la Kinyakyusa.

Kwa hiyo, mwanangu, hii kazi ni ya mtu kama wewe kuliko mtu yeyote. Ila kusema hivyo hakulipi ada ya mdogo wako, na mimi sitaki kukuacha na maneno matamu mkononi.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili. Katika sayansi yetu anayeona ni yule anayekaa. Mgeni huja na mvua, huondoka na mvua. Wewe upo mwaka mzima, masika na kiangazi, na utakuwepo baada ya ruzuku yake kuisha. Kukaa kwako kuna thamani. Tatizo ni kwamba mpaka leo umekaa kwa niaba ya mwingine, bila karatasi.

Nikupe mfano kutoka Kihansi, huko huko Udzungwa. Wakati bwawa la umeme linajengwa, mwaka 1996, wataalamu waliokuwa wakichunguza mazingira ya korongo la maporomoko walimkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, hafikii hata sentimeta tatu, anayezaa watoto hai. Dunia nzima alikuwa anaishi mahali pamoja tu, kama hekta mbili, pale ambapo manyunyu ya maporomoko yalilowesha majani saa zote. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka, ikabidi vifungwe vinyunyizio vya kuigiza mvua ile. Mwaka 2000 karibu vyura 500 wakachukuliwa kwenda kutunzwa Marekani. Walioachwa korongoni wakawa wanahesabiwa, na hapa ndipo nataka utulie. Juni 2003 hesabu ilikadiria karibu vyura 21,000. Agosti mwaka huohuo, 40. Januari 2004 walionekana watatu, na madume wawili wakasikika wakiita. Ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu la kitridi ulikutwa pale, ule ule unaokufanya usugue gambuti kwa jiki. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Wale wa Marekani walizaana, wengine wakarudishwa kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Miezi miwili, kutoka elfu 21 mpaka 40. Kama pale asingekuwepo mtu wa kuhesabu Juni na kuhesabu tena Agosti, leo tungekuwa tunabishana kama walikuwa wengi au wachache. Mjomba wako akisema "kufukuza vyura," hiki ndicho unachokifanya: unakuwa shahidi. Na vyura wa Uluguru wanaokaa kijito kimoja au kilele kimoja hawana shahidi mwingine.

Mfano wa pili ni wa Gombe. Kila mtu anajua kwamba Jane Goodall alifika pale mwaka 1960. Wachache wanakumbuka kwamba Mei 1975 waasi walivuka ziwa kutoka Zaire usiku na kuteka vijana wanne wa kigeni waliokuwa kwenye utafiti ule. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa nje wakaondolewa. Daftari za sokwe hazikusimama. Waliowafuata asubuhi hadi jioni na kuandika nani kala nini, nani kazaa, nani kapigana na nani, ni wasaidizi wa Kitanzania kutoka vijiji vya Kigoma. Utafiti ule unasifiwa ulimwenguni kwa urefu wake, na urefu wake umeshonwa na watu hao.

Sasa nije kwenye ile makala na machozi ya daladala.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilitega panya wa milimani kwa misimu mitatu, na kila mwisho wa msimu nilikabidhi daftari zangu kwa mtafiti niliyekuwa chini yake. Sikubaki na hata nakala. Miaka baadaye nikaziona namba zangu kwenye jedwali la mtu mwingine, nikashindwa hata kuthibitisha kwa jirani kwamba ni zangu. Aliyenitendea hivyo alikosea, na uchungu wake ninao hadi leo. Ndiyo maana nakuomba sana, kesho asubuhi kabla ya kitu kingine chochote, piga picha kila ukurasa wa daftari zako zote za usiku 113, uzihifadhi mahali pawili.

Nitakuwa mkweli kwako pia kwenye upande mgumu. Majarida mengi hayahesabu kukusanya data peke yake kuwa ni uandishi wa makala. Wanataka mtu awe amechangia kupanga utafiti, au kuchambua, na awe amesoma na kurekebisha rasimu. Kwa hiyo dai lako lisimame hapo: kwamba hukupewa nafasi ya kuchangia huko kwingine wakati uwezo ulikuwa nao. Mwandikie barua ya heshima, fupi. Mwambie umeiona makala, umefurahi kazi imetoka, umeumia kwamba hukushirikishwa kwenye uchambuzi na rasimu, na jina lako limekosewa. Mwombe arekebishe herufi za jina. Usimtukane, usimtishe, usiandike usiku ukiwa na hasira. Halafu hapohapo mweleze masharti yako ya msimu wa tatu.

Masharti hayo ni ya kawaida kabisa, usiyaombe kama sadaka. Mkataba wa maandishi wenye mshahara wa mwezi badala ya posho ya siku, na bima ya ajali, kwa sababu unatembea juu ya mawe yenye utelezi usiku na hospitali iko mbali. Nakala ya data unazokusanya ibaki kwako. Sehemu moja ya utafiti iwe yako kuanzia swali mpaka makala, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa ni chura mmoja na kijito kimoja. Na suala la uzamili liandikwe sasa, lini na nani atakusimamia. Neno "baadaye" kwenye kazi hii limewazeesha wasaidizi wengi wazuri. Nimewazika wawili ambao bado walikuwa wanasubiri hiyo baadaye.

Kuna mlango ambao nahisi hujaugonga. Mtafiti wa kutoka nje hafanyi kazi hapa bila kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na kwa wanyamapori TAWIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, nao wanahusika. Katika maombi yake lazima awe na mshirika Mtanzania, mara nyingi mhadhiri wa chuo au mtafiti wa taasisi. Jina lake lipo kwenye makaratasi, na pengine ni mmoja wa wale sita. Mtafute huyo. Nenda na daftari, usiende na malalamiko. Mhadhiri anayetafuta mwanafunzi wa uzamili, akiletewa mtu mwenye usiku 113 mkononi na anayejua kumpima chura bila kumuumiza, atakaa vizuri kwenye kiti. Nimewahi kukaa upande ule wa meza, najua.

Ukiwa unasubiri, jifunze kuchambua namba zako mwenyewe. Programu ya R ya kuchambua takwimu ni ya bure, na QGIS ya ramani ni ya bure. Hapa ndipo wengi wetu tulipokwama: miguu tulikuwa nayo, masikio tulikuwa nayo, lakini namba zikifika mezani tunamwachia mwingine. Anayezichambua ndiye anayeamua zinasema nini. Ukishaweza kuchora mwenyewe grafu ya vyura wako dhidi ya mvua, mazungumzo na mtu yeyote yatabadilika. Ruzuku ndogo za wanaoanza zipo. Mfuko wa Rufford wa Uingereza wanatoa kwa watu wa nchi zetu, na mpango wa EDGE wa jumuiya ya zuolojia ya London umekuwa ukifadhili vijana wanaofanyia kazi spishi ambazo dunia imezisahau, vyura wakiwemo. Mkutano wa kisayansi wa TAWIRI hufanyika Arusha kila baada ya miaka miwili. Peleka kitu pale, hata bango moja la ukutani. Watu wa kazi hii wanajuana kwa nyuso.

Mjomba.

Usimkimbie, na usimpite kwa baba au kwa mchungaji au shehe. Kwenu mjomba ndiye mlango, na mtu aliyekutafutia kazi amekutendea wema, hata kama maneno yake yalikuuma. Mfuate nyumbani kwake na mama yako akiwepo, siku ambayo hakuna wa kucheka pembeni. Mshukuru kwanza. Kisha mfungulie daftari. Mwoneshe ukurasa mmoja tu: tarehe, saa, mvua, jina la kijito, urefu, uzito. Mwambie maji anayokunywa Morogoro mjini yanashuka kutoka kwenye vijito hivyo, na kwamba chura ana ngozi laini inayopitisha kila kitu, kwa hiyo kijito kikiharibika yeye hulijua mapema. Wajomba wanaelewa maji.

Halafu mpe hesabu, kwa shilingi. Mshahara wa kazi ya mikopo ni kiasi gani, toa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo kama ulisoma chuo kwa mkopo wao, toa nauli, toa mchango wa mdogo wako. Weka pembeni yake mshahara wa mwezi ambao umeuomba msituni. Mweleze na masharti uliyoyaandika, ili ajue hurudi kule kwa kupenda tu vyura, unarudi kwa makubaliano. Nina hakika atakuuliza, "Na wasipokubali?" Uwe na jibu.

Jibu langu ni hili, na najua wenzangu wengine wa kazi hawatalipenda. Mpe yule mtafiti wiki mbili. Akikubali kwa maandishi, rudi msituni, na mwombe mjomba radhi kwa nafasi aliyoipigania. Akikujibu tena kwa "tutaangalia", nenda ukaanze kazi ya mikopo.

Wapo watakaokwambia ukitoka kwenye utafiti umetoka moja kwa moja. Sikubaliani nao. Unaishi Morogoro mjini, na Uluguru inaanzia nyuma ya nyumba. Njia ya Morningside unaijua. Chagua kijito kimoja, mita 50 zako, na uende jioni mbili kila mwezi, tarehe zilezile, mwezi baada ya mwezi. Usiende peke yako, na omba kibali cha TFS, wakala wa misitu, kwanza, hifadhi ina wenyewe. Usishike chura hata mmoja mpaka upate kibali cha utafiti kupitia mhadhiri. Sikiliza, mulika, hesabu, andika na mvua. Ukifanya hivyo miezi 18 utakuwa na kitu ambacho mgeni wa msimu hawezi kukipata kwa pesa yoyote, na mshahara wa mikopo utakuwa umemvusha mdogo wako kidato cha sita. Kisha uombe uzamili ukiwa na swali lako mwenyewe.

Na usiitazame ajira ya wanyamapori kwa dirisha moja. Nafasi nyingi za hifadhi, TANAPA wa hifadhi za taifa na TAWA wa mapori ya akiba, siku hizi ziko chini ya mfumo wa kijeshi, na ni kazi nzuri kwa wanaozitaka, lakini zinamtaka askari kwanza, mtafiti baadaye. TAWIRI na vyuo huajiri wachache, na karibu kila nafasi inataka uzamili. Dirisha ambalo vijana hawaliangalii ni la tathmini za athari kwa mazingira. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazitaka kwa miradi mikubwa, iwe barabara, mabwawa au migodi, na timu hizo zinahitaji mtu wa kuhesabu wanyama, hasa wale wadogo ambao wataalamu wa tembo na simba hawawaoni. Chura wa Kihansi alipatikana kwenye kazi ya namna hiyo. Zungumza na wataalamu wa mazingira waliosajiliwa kufanya tathmini hizo, wape wasifu wako, waambie unafanya vyura. Wiki mbili za kazi ya namna hiyo unaweza kuzipanga ndani ya likizo.

Maneno ya kijijini yananihuzunisha kwa sababu niliyasikia mimi pia, na sikuyazoea kamwe. Yanayoweza kuyapunguza ni machache. Ukifika, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa bibi mmoja mwenye heshima pale, tena kabla ya kupanda kambini. Tafuta mwanamke wa kijiji awe kwenye timu, alipwe sawa na wengine. Liweke hilo kwenye masharti yako. Na jioni moja kabla ya giza wakaribishe akina mama na watoto waje waone. Mtoto aliyemwona chura wa kijani mdogo kuliko kucha ya kidole gumba amekaa juu ya jani la mgomba wa porini, kavimbisha koo lake anaita, akirudi nyumbani atawasimulia mwenyewe unachokitafuta kule.

Jambo moja la mwisho. Umeandika kwamba nusu ya usiku ule mlikuwa wawili, wewe na "kijana mmoja wa kijijini anayetuongoza". Kwenye barua nzima hukumtaja jina. Najua gazetini hatuandiki majina, lakini nakuuliza kama lipo kwenye daftari lako. Kama halipo, chukua kalamu uliandike leo, kwenye kila usiku aliotembea nawe, jina lake kamili na kwa herufi sahihi. Mwulize mwenyewe linaandikwaje. Na siku utakayokaa kuandika makala yako, mwite, umsomee kwa Kiswahili ulichokiandika kuhusu vijito vyake, umuulize ni wapi umekosea.